Kuufuata Wimbo wa Babu hadi Geita

Safari hii ilianzia kwenye aibu ya arusini. Binamu yangu alikuwa anaoa hapa Shinyanga, akaletwa mwimbaji kijana kutoka Kahama. Kijana akaimba wimbo wa kulimia ambao mama huuita mali ya marehemu baba yake, babu yangu Masanja, na mwishoni akajitaja jina lake. Kwetu Usukumani manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hujitaja ndani ya wimbo ili ujulikane ni wa nani. Mama akasimama mbele ya wageni, akasema, "Huyo mwizi." Watu wakacheka. Mama hakucheka. Mama yake alifariki yeye akiwa hata kutembea hajaanza, akalelewa na baba, na jina la huyo baba si la kuchezewa. Wiki nzima akiinuka ni huyo mwizi, akikaa ni huyo mwizi. Nikaona heri nisafiri.

Kahama nilifika asubuhi, nikaenda moja kwa moja Nyasubi, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu. Wimbo ulikuwepo, umepigiwa kinanda. Mwenye kibanda akamwita yule manju kijana mwenyewe, naye akaja mpole, mimi nilishajiandaa kwa ugomvi.

"Dada, mimi niliukuta," akasema. "Nimeutoa kwenye kaseti ya mzee mmoja wa Ushirombo. Aliyejitaja mle simjui, nikaweka jina langu. Si ndivyo tunavyofanya?"

Nilitaka kukasirika, ila kweli ndivyo wanavyofanya.

Ushirombo nilimkuta mzee huyo, Baba Thereza, katekista mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba nikaletewa chai na matobolwa, viazi vyetu vikavu, kisha akatoa redio yake na kuuweka sawa utepe wa kaseti kwa kalamu. Nikasikia majembe yakipiga kwa pamoja, wanaume wakiitikia, halafu sauti moja juu yao: "Ni mimi, Masanja." Sikuwahi kumsikia babu. Nikairekodi yote kwenye simu, nikajiona nimeshinda kesi.

"Ila binti yangu," Baba Thereza akasema, "hapo anapoimba jiwe halichoki, ninayechoka ni mimi. Mkulima na jiwe wapi na wapi? Nilimuuliza siku ile nilipomrekodi. Akacheka tu, akaniambia nikaulize ukweni kwake, Geita."

Ningeweza kurudi nyumbani na ushindi wangu. Lakini mimi nikishawashwa na jambo silali, basi kesho yake nikapanda basi la Geita.

Geita mjini nilichukua bodaboda, tukapita kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, hata kusikilizana na dereva ilikuwa taabu. Mbele kidogo kukawa kimya, mashamba ya mihogo, na nyumba ya Bibi Kabula, mdogo wake bibi aliyemzaa mama.

"Mwangaluka, bibi," nikamwamkia Kisukuma. Akanishika mikono asiachie. Nikamchezea sauti ya babu.

"Anakimbiza," akasema. "Huyu mwanaume anaukimbiza wimbo."

Akapiga magoti, mikono mbele kama ameshika jiwe la kusagia, akasukuma na kurudi, akaimba ule ule wimbo polepole, akivuta pumzi kila anaporudi nyuma. Maneno yote yakakaa mahali pake.

"Ni wa dada yangu Minza," akasema. "Aliutunga akisaga mtama, ana mimba ya mama yako. Masanja alikuwa akimsikia kutoka nje, akaupeleka shambani kwa wenzake."

"Mbona bibi hakujitaja?"

"Anayesaga amjitajie nani? Waliomo humo ndani wote wanamjua."

Nikamwomba aimbe tena, nikamrekodi.

Njiani kurudi nilikosa raha. Nilikwenda kulisafisha jina la babu, nami narudi nimemkamata. Nilifuata majina tangu arusini, na mwenye wimbo alikuwa pasipo na jina. Kuna wakati nilifikiri nimpe mama ile sauti ya kaseti tu, yaishe.

Shinyanga nilimkuta anabangua karanga uani.

"Umempata mwizi?"

"Nimempata, mama. Ni babu."

Nikamweleza yote bila kuficha: kijana, kaseti, Bibi Kabula, na jiwe. Nikamchezea sauti ya mama yake mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema rudia, nikarudia. Mara ya pili machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta.

"Miaka yote naambiwa mama yako alikufa," akasema. "Alikufa, basi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa anachoka."