Siku niliyotambaa juu ya hyacinth kumfuata rubani, Homa Bay

Wakuu, habarini.

Picha sina, miaka ya tisini nani alikuwa na kamera ufuoni? Lakini nilikuwa pale mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mimi ni wa Suna, Migori. Nilikuwa nimeolewa Homa Bay, hata mwaka haujaisha, naanika omena, wale dagaa wa ziwani, na mama mkwe. Aliniita Nyar Suna, yaani binti wa Suna. Kusema kweli nilimwogopa.

Asubuhi moja helikopta ikapita chini chini juu ya ziwa. Sauti ikakatika. Ikazunguka mara mbili, ikaangukia maji kwa ubavu na kuzama.

Halafu tukaona kichwa. Rubani ametoka, amekumbatia mto wa kiti!

Shida ikawa hyacinth. Mliokuwa huko miaka hiyo mnajua, yale magugu yalifunika maji mpaka ungedhani ni shamba. Wanaume wakawasha boti ya injini, hata hawajaenda mbali ikanaswa. Wakabaki kukata majani na kulaumiana.

Mama mkwe hakungoja. Aling'oa mlango wa kibanda chake cha samaki, jirani akaleta wake. Tukaifunga pamoja, kamba ndefu nyuma.

"Nyar Suna, wewe ndiye mwepesi. Lala kifudifudi. Usisimame, hata ukiona nyoka."

By the way, nyoka nilimwona.

Nikajivuta kwa kushika magugu. Nikamfikia. Kijana tu, midomo imepauka.

"Dada, rudi," akasema. "Mguu umevunjika na sijui kuogelea. Nitakuzamisha."

"Hata mimi sijui."

Akanitazama. Akacheka mpaka akakohoa maji. Nafikiri kicheko ndicho kilimpunguzia woga, maana hapo ndipo alikubali kuachilia ule mto na kushika leso yangu ya kujifunga.

Tukahangaika mpaka kifua chake kikapanda juu ya ile milango. Nikapunga mkono. Kina mama wote wa omena wakashika kamba, mama mkwe mbele, anapaza sauti, "Ywauru! Vuteni!"

Tulipofika nchi kavu, rubani akabebwa kwa pickup hadi hospitali. Mama mkwe akanifunika shuka lake. "Nyathina," akasema. Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Rubani alilazwa wiki kadhaa, akapona. Alirudi kutushukuru akiwa na magongo na mkewe. Yule mwanamke alinishika mkono, hakuuachilia. Chai ikapoa.

Mama mkwe akamwambia, "Kunywa, mama. Bwanako yuko hai."

Mwaka uliofuata tulisikia ameanza kuruka tena.

Somo langu ni hili tu: kama ningesubiri mtu anayejua kuogelea, yule dada angekuwa mjane.

Kuna mtu humu alikuwa ufuoni siku hiyo? Ama aliyewahi kuokolewa na mtu asiyemjua? Nielezeni hapo chini, nitasoma zote.