Mgeni wa Kwenye Sahani

Nyumba ya bibi kule Ijumbi ilinuka nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, moshi wa kuni, na kahawa yetu Wahaya ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya harufu kisha kuanikwa mpaka ikauke. Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, iliongezeka harufu ya magazeti makuukuu. Ilikuja na sahani. Mama alikuwa mpishi wa familia moja ya Wahindi wenye duka Bukoba mjini, nao walipofunga duka na kuhama, mama mwenye nyumba alimpa sahani ya mapambo iliyofungwa magazetini. Ilichorwa mbwamwitu wa nchi za baridi, kasimama kwenye theluji ambayo mimi na mdogo wangu Koku tuliidhani majivu. Macho yake ya njano yalikufuata popote ulipokaa. Mama aliitundika ukutani ikitazamana na mlango, kisha akarudi mjini kutafuta kazi nyingine.

Bibi hakuipenda hata kidogo. Alisema huyu si mbwa wala si fisi, lakini ameshaingia nyumbani, na anayeingia nyumbani ni mgeni. Hawezi kukaa bila kupewa kahawa. Kila jioni akaweka punje mbili kwenye kigoda chini ya sahani. Kila asubuhi hazikuwepo. "Anatafuna," alisema, ameridhika kabisa. "Basi ana amani na sisi." Kumbe mtafunaji nilikuwa mimi. Niliamka kabla yake kwenda kuteka maji, nikazipitia njiani, maana watoto hatukupewa kahawa ovyo na mimi nilikuwa mlafi. Moyoni nilimcheka bibi, Mungu anisamehe.

Kisha Koku akashikwa na homa. Zahanati walimpa dawa, homa ikagoma, na siku ya tatu hakuweza hata kuinua kichwa. Aliitazama sahani tu. "Dada," aliniambia kwa sauti ndogo, "ana njaa." Mwili ulinisisimka, kwa sababu siri yangu sikuwa nimemwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliona kwamba kifo chenyewe kingekuwa cha mdogo wangu. Kumwambia bibi sikuthubutu. Jioni ile niliomba niweke kahawa mwenyewe. Nilipiga magoti kama tunavyowasalimu wakubwa, nikanong'ona, "Hizi ni zako kweli." Asubuhi nilimngoja bibi aamke, tukaingia sebuleni pamoja. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Kigoda kilikuwa kitupu. "Mwana wange," bibi alisema akitabasamu, "mgeni njoo, mwenyeji apone." Mchana Koku akaomba uji.

Leo naishi Bukoba mjini, kwenye nyumba ya vigae na umeme, na sahani iko sebuleni kwangu. Wanangu wanamjua mnyama yule kwenye televisheni na wanamwona kichekesho. Koku sasa ni muuguzi. Anasema dawa ilichelewa tu kufanya kazi, na kahawa labda ililiwa na panya. Huenda. Nyumba ya bibi ilijaa panya, yangu haina hata mmoja. Mtoto akiugua nampeleka hospitali kwanza, kama Koku anavyoniagiza. Tukirudi, naweka punje mbili chini ya sahani na kupiga magoti, wanangu wasione. Asubuhi sijawahi kuzikuta.