Uzi wa Meno ya Baba Najat

Mume wangu Fakihi alikuwa mpiga tarumbeta, na Tandika nzima ilimjua. Harusi ikipita barabarani, watu walitambua kwa mlio tu kama yumo au hayumo. Nasema alikuwa, na neno hilo linanichoma, kwa sababu aliyemfikisha hapo ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilimwangusha, meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Daktari wa meno, Felicitas, akamwekea daraja: meno mawili ya bandia yaliyogandishwa kwenye meno yake mwenyewe, la kushoto na la kulia. Akatukalisha wote wawili, akatupa kibunda cha uzi mwembamba wenye nta na kisindano laini cha plastiki.

"Kila jioni ukishakula, baba, pitisha uzi huu chini ya daraja. Mswaki haufiki huko. Haya mawili ya pembeni ndiyo nguzo, yakioza hatuna tena pa kulisimamishia."

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari.

Sasa, mimi kazi yangu ni kutunga makoja ya asumini ya maharusi. Uzi wa cherehani hukatika, wa nailoni hupasua ua. Ule wa daktari uliteleza katikati ya asumini bila kujeruhi hata moja. Siku ya kwanza nilichukua kipande kwa kuiba. Fakihi akaniona, akacheka.

"Chukua wote, mama Najat. Meno yenyewe ya dukani haya, yataozaje?"

"Na daktari je?"

"Daktari anapigaga tarumbeta? Mie nayasugua kila siku, huoni yanavyong'aa?"

Kweli yaling'aa. Basi nikauchukua wote, na ulipokwisha nikamtuma duka la dawa akaninunulie mwingine. Mwenye meno ndiye aliyeninunulia uzi wa maua. Ujinga wetu ulikuwa wa watu wawili, lakini mwenye tamaa nilikuwa mimi.

Mwaka huu kinywa chake kikaanza kunuka. Akawa anatafuna karafuu. Kisha damu ikawa inabaki kwenye mdomo wa tarumbeta, anaifuta kwa leso na kuendelea kupiga. Niliiona damu ile. Nilinyamaza, maana kusema kulikuwa ni kukiri.

Wiki moja kabla ya harusi ya Najat, mtoto wetu wa pekee, Fakihi alikuwa uani akifanyia mazoezi wimbo aliomtungia tangu akiwa mchanga, aje kumpigia siku ya kuolewa. Mlio ukakatika. Daraja lilikuwa limedondoka mchangani, limeng'ang'ania kipande cha jino lake, cheusi kama mkaa.

Tulikimbilia kwa Felicitas.

"Ligandishe tu mwanangu, hata kwa siku moja," Fakihi akamsihi, mkono mdomoni. "Jumamosi namtoa binti yangu."

"Nguzo zote mbili zimeoza, baba. Ni kung'oa. Na meno ya kuvaa na kuvua hayatahimili tarumbeta."

Nilimshika mikono yule daktari, binti wa watu. "Ng'oa yangu umpe! Mie siyataki!" Nililia bila aibu mbele ya wagonjwa wengine.

Akasubiri nitulie, kisha akauliza taratibu, "Uzi mlikuwa mnapitisha?"

Nikafumba macho. Fakihi hakunigeukia hata kidogo.

"Nilikuwaga mvivu, daktari," akasema.

Jumamosi wenzake wa bendi walikuja na pikapu. Fakihi alipanda, tarumbeta kwapani, leso mdomoni. Wimbo wa Najat ulipigwa na mtu mwingine, akaukosea katikati, na mume wangu akawa anausahihisha kwa vidole, akibonyeza vitufe vya tarumbeta yake bila kuipuliza. Najat alimwona. Machozi yalimshuka mpaka kwenye koja nililomtungia, na watu wakasema bi harusi analia kwa furaha.

Siku ya tatu koja lilirudishwa nyumbani. Asumini zilikuwa zimenyauka na kupukutika zote, uzi umebaki mzima. Niliushika kwa mikono miwili nikauvuta kwa hasira zangu zote. Haukukatika.

"Acha, mama Najat," Fakihi aliniambia kwa kinywa chake kipya kisicho na meno ya mbele. "Utajikata."