Michembe Juu ya Jabali la Mkuyuni

Juzi nilikuwa jikoni kwangu namenya vitunguu, redio iko wazi, nasubiri taarifa ya habari iishe nisikie hali ya hewa. Mtangazaji akasema mvua za vuli kanda ya Ziwa Viktoria zinatarajiwa kuanza mapema msimu huu, manyunyu hapa na pale, mengine yakiambatana na radi, na joto litakuwa juu kuliko kawaida. Kisha akaendelea na mikoa mingine kwa sauti ile ile. Mimi kisu kilikuwa kimeshaniponyoka. Binti yangu akanitazama, akauliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia hakuna, nikaokota kisu, nikaketi kwenye kigoda. Maneno hayo hayo, karibu kwa mpangilio huo huo, niliyasikia nikiwa mtoto kule Mkuyuni, na sijawahi kumsimulia mtu habari yake kwa kituo. Acha nikusimulie wewe.

Nililelewa na bibi yangu. Nyumba yetu ilikuwa mlimani katikati ya mawe, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza. Ukifungua mlango asubuhi unaliona ziwa limelala chini, linang'aa mpaka unakunja uso. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali pana, juu yake tambarare kama sakafu. Bibi alikuwa na shamba la viazi vitamu Mkolani, na kila kiangazi viazi vilipovunwa kazi yetu ilikuwa moja: kumenya, kukata vipande vyembamba, kupanda navyo jabalini na kuvitandaza juani. Hiyo ndiyo michembe. Ikikauka unaiweka kwenye magunia, na miezi ya njaa unaichemsha, unaiunga kwa karanga za kutwanga. Mikono yetu ilikuwa myeusi kwa utomvu wa viazi, na shuleni mwalimu alikuwa akitukagua vidole, anatikisa kichwa, anatuacha. Hakuna sabuni iliyoutoa.

Ng'ambo ya jabali, upande wa bondeni, aliishi jirani yetu, fundi cherehani. Watu wa kwao walikuwa Waislamu wa mjini, wafanyabiashara wa vitambaa tangu zamani, sisi tukiwa Wasukuma wa kanisani, lakini uzio haukuwepo kati yetu. Kila asubuhi alimwamkia Bibi shikamoo, akapokea marahaba, kisha akaongeza mwangaluka ya Kisukuma kwa lafudhi yake ya mjini, na Bibi akacheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mke wake alikuwa mjamzito. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani dirishani, redio juu ya rafu, na mlio wa pedali kutwa nzima. Nilikuwa nalala mchana kwa mlio ule.

Ilikuwa Septemba. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba ukipanda jabalini saa sita unarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Jioni moja fundi akaja na habari ya redio. Alisimama mlangoni, akaamkia, akasema, "Mama, wametangaza mvua itawahi mwaka huu. Na joto litazidi. Michembe yako ungeianua."

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. "Fundi, mvua ya redioni hailowanishi kanga."

"Hawa siku hizi wanapima, Mama."

"Mimi nimeanika viazi mlimani hapa kabla wewe hujaota meno. Mvua haijawahi kuja michembe ikiwa mibichi. Nenda kashone."

Akaenda kushona, anacheka. Nilimwamini Bibi bila shaka yoyote. Ungekuwa mtoto wa nyumba ile, nawe ungemwamini. Alikuwa akiangalia upepo unavyopindisha moshi wa jikoni, anasema kesho itakuwaje, na kesho inakuwa hivyo. Kesho yake akaongeza viazi vingine juu ya jabali, vingi kuliko vya mwanzo, na nadhani alifanya hivyo ili fundi aone.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana. Kwanza ziwa lilibadilika rangi. Halafu hewa ikasimama kabisa, hata mbwa wakanyamaza, kisha upepo ukaja na harufu ya samaki na vumbi lililolowa. Nilikuwa uani. Bibi akatoka, akaangalia upande wa ziwa, na sura aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona. Alionekana kama mtu aliyetukanwa na mwanawe.

"Lete magunia," akasema. "Lete kila kitu chenye mdomo."

Tukapanda. Michembe ilitanda jabali zima. Hatukuwa tumekusanya hata gunia moja kujaa nilipomwona fundi anapanda, kaacha kazi yake, utepe wa kupimia bado uko shingoni, na ungo mikononi. Hakusema nilikuambia. Alichuchumaa akaanza kuzoa. Mke wake naye alikuja na tumbo lake. Bibi akamkataza kupanda, akamwambia akae jikoni kwetu apokee. Basi ikawa hivyo: Bibi na fundi wanazoa, mimi nashusha vikapu, mke wa fundi anamwaga kwenye mikeka, narudi mbio.

Matone ya kwanza yalipogusa jabali yalitoa mvuke. Miguu yangu ilikuwa inaungua na mgongo unalowa. Kisha ikaja mvua ya mawe, barafu tupu, inaruka juu ya jabali kama mahindi kwenye kikaango, na Bibi akatupigia kelele tushuke. Nilikuwa nimeshafika mlango wa jikoni. Wao wawili walikuwa wanatelemka, Bibi ameshika bega la fundi, ndipo jabali lilipolia.

Sina neno jingine. Lililia. Mlio mkavu, kama gogo kubwa kupasuliwa kwa shoka mara moja, halafu ukafuata mwingine mrefu, wa kukwaruza, ardhi ikitetemeka mpaka sufuria zikaanguka. Upande wa bondeni jabali lilikuwa na gamba nene lililojibandua tangu enzi na enzi, nasi watoto tulizoea kujificha chini yake. Gamba lile lilikuwa linakwenda. Halikwenda haraka. Hicho ndicho ninachokiota mpaka leo, kwamba lilitelemka polepole, likaifikia nyumba ya fundi, bati likakunjika kama karatasi, na chumba cha mbele kikawa hakipo. Vumbi lilipanda ndani ya mvua.

Fundi alisimama na ungo wake wa michembe. Alikuwa anatazama pale lilipokuwa dirisha lake, alipokuwa amekaa kabla Bibi hajaniambia nilete magunia. Kisha akamwita mke wake kwa jina, kwa sauti ndogo sana, na mke wake akaitika nyuma yangu, "Abee," kana kwamba ameitwa kuleta chai. Akatoka kumfuata mvuani, nami nyuma yake. Majirani walikuja wakikimbia, wakatukuta wanne tumesimama kwenye mvua, wakadhani kuna mtu chini ya jiwe. Ilibidi watuhesabu, wakatuhesabu tena, kwa sababu sisi wenyewe hatukuweza kuwaambia.

Usiku ule sote wanne tulilala kwetu. Bibi alichemsha ile michembe iliyolowa kwa sababu isingefaa tena kuhifadhiwa, na tukala. Baadaye fundi akasema, "Mama, kama ungenisikiliza siku ile, leo mimi na mke wangu tungekuwa chumbani."

Bibi akaweka bakuli chini. "Usinifanye nabii kwa ubishi wangu."

"Nasema tu ilivyotokea."

"Ilivyotokea ni kwamba nilikosea. Na kukosea kwangu kumewaponya. Nitaliweka wapi jambo kama hilo?"

Nakwambia, Bibi hakushtushwa na jiwe kama alivyoshtushwa na hilo. Alikaa siku nyingi akiangalia moshi wa jikoni bila kusema kesho itakuwaje. Nikimwuliza alisema, "Muulize fundi." Na fundi, ambaye redio yake ilikuwa chini ya jiwe, alikuwa akitelemka mpaka Mirongo kwa shemeji yake kusikiliza, kisha anapanda kilima kuja kumwambia. Walikuwa wameshahamia huko, na mtoto alizaliwa huko, lakini vuli ile kila ilipotangazwa radi alipanda. Alitaka tuhame, kwa kuwa gamba jingine lilibaki juu ya nyumba yetu. Bibi alikataa. Nyumba ilijengwa na marehemu babu. Fundi akarudi. Akakataliwa, akarudi tena na mkewe na mtoto mgongoni, wakaketi uani, wakamwacha Bibi ampakate mtoto na kulitazama jabali. Siku ya pili yake tulifunga mizigo, tukahamia Mkolani, shambani.

Gamba la pili halijaanguka. Nilikwenda kuliangalia baada ya taarifa ile ya juzi, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Liko vile vile, na chini yake kuna nyumba tatu mpya, bati za bluu, nguo zimeanikwa kamba nzima. Nilibisha hodi kila mlango. Mama mmoja kijana alinisikiliza kwa heshima, akasema ujumbe wa mvua ameuona kwenye simu na wamezoea. Nilimwambia kesho nitarudi. Akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayedhani mgeni atasahau.

Bibi alizeeka Mkolani, kwenye ardhi bapa, akianika juu ya turubai. Fundi alimfuata kaburini mwaka mmoja baada ya sisi kumzika. Michembe ya sokoni siku hizi ni safi, nyeupe, haina kasoro. Ile yetu ilikuwa na chembe za jabali. Ukitafuna unasikia kitu kinasagika kati ya meno, na Bibi alikuwa akituambia tumeze tu, ni mlima huo, hautuui.