Siku Redio Alipopimwa Masikio

Mtaani walimwita wifi yangu Redio. Waliomwita hivyo walikuwa wanaitania sauti yake, maana akikusalimu ukiwa jikoni kwako, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Mimi nilikuwa nawaambia wamepatia kuliko wanavyojua, kwa sababu redio inatangaza tu, haipokei. Yeye hakukasirika. Alinirudishia kwa kuniita Sindano, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu, ati, unachoma.

Alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alipofariki alimwachia binti mmoja, na kazi alikuwa nayo mwenyewe, kwenye kiwanda cha kufuma vitambaa alikoingia akiwa bado msichana. Nilimpelekea chakula humo ndani mara moja tu na sikutamani kurudi. Mitambo imepangwa safu kwa safu, kila mmoja unagonga vyuma vyake bila kupumzika, na mngurumo unakuingia mpaka kwenye meno. Vumbi la pamba limejaa hewani. Wanawake wamefunga vitambaa kichwani, wameziba masikio kwa vipande vya pamba, na bado wanapiga soga! Mmoja yuko mwanzo wa safu, mwenzake mwisho, wanachezesha midomo bila sauti na kuangua kicheko. Wanamsengenya msimamizi naye amesimama katikati yao, hana habari. Wifi ndiye aliyekuwa bingwa wao. Mtu akiongea ng'ambo ya barabara, yeye anakusimulia alichosema.

Kwa sababu hiyo hakuna aliyejua kwamba masikio yake yanakufa. Hata sisi wa nyumbani hatukujua. Binti yake alikua akijua kwamba ukimsemesha mama lazima umtazame usoni, na alidhani hiyo ndiyo adabu ya nyumba yao. Sisi wengine tulizoea kumgusa bega kabla ya kusema. Mambo ya namna hiyo yanaingia taratibu, mpaka unaona ndivyo mtu alivyo.

Yalifichuka siku kengele ya moto ilipolia kiwandani. Wenzake wote walikimbia. Yeye alikuwa ameinama nyuma ya mtambo wake akiunga nyuzi zilizokatika, na msimamizi alimkuta humo peke yake, moshi umeshaanza kutanda, anaimba. Moto ulizimwa, hakuungua, lakini badala ya kumpa pole walimwachisha kazi kwa kosa la ukaidi. Walisema alipuuza kengele kwa makusudi.

Mtu wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyemfumbua macho. Alimwambia masikio yake yameliwa na kazi na anastahili fidia, ila daktari wa kampuni lazima athibitishe kwanza. Daktari akisema mama huyu hasikii, atalipwa. Akisema anasikia, basi, atakuwa mwongo aliyetaka kuiibia kampuni, na hakuna pa kwenda tena.

Wifi alishajua fedha hiyo ni ya nini. Binti yake, baada ya kuzunguka na vyeti mpaka viatu vikaisha soli, alikuwa ameingia kiwanda kilekile.

"Ikitoka tu, tunanunua cherehani," aliniambia. "Mtoto atakaa na wewe kibandani kwako. Simtaki mule ndani, wifi. Mimi wameshanila, huyu hawamli."

Wiki hiyohiyo tulipata mgeni. Alikuwa afisa utumishi wa kiwanda, kijana nadhifu ambaye wafanyakazi walimwita Tabasamu, kwa sababu hata akikupa barua ya kufukuzwa kazi meno yako nje. Alikuja na mkate na kilo ya sukari. Aliketi, akasifu pazia, akauliza afya ya kila mtu, na wifi akamjibu yote bila kukosea, macho yake yamemganda mdomoni. Nilitamani nimfinye. Mgeni alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani na ameshakipata.

Alipokuwa anaaga aligeukia kwangu. "Mwambieni mama asijichoshe na haya madai. Yanachosha watu bure. Na binti yake tunaye pale, tunamtunza. Amepewa ule mtambo wa pembeni, ule unaosumbua. Lakini mtoto mwangalifu, hakuna neno."

Alitabasamu, akaondoka. Mkate wake niliugawa kwa majirani. Binti aliporudi nilimuuliza habari za mtambo huo. Akasema ni kweli, alihamishiwa hapo juzi, na mwenzake aliyekuwapo kabla yake hayupo tena kazini. Kwa nini hayupo? Hajui, watu hawapendi kulizungumza.

Siku ya kupimwa tulikwenda wawili. Zahanati ya kampuni ina ukumbi mwembamba wa kungojea, mabenchi ya mbao, na mwisho wa ukumbi mlango wa daktari wenye kioo nusu yake ya juu. Tuliketi. Kupitia kile kioo tulimwona daktari, mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi, na mbele yake alikuwa amesimama Tabasamu. Mimi nilikuwa naona watu wawili wanaongea, basi. Wifi alikuwa anawasikia.

Nilimwona akibadilika rangi. Alinishika mkono, akanivuta mpaka uani, kwenye kamba za kuanikia mashuka, akaanza kuninong'oneza kwa ile sauti anayodhani ni mnong'ono. Nilimziba mdomo. Akachezesha midomo tu, polepole, nami nikajitahidi kusoma.

"Amemwambia asinipime kwa ile mashine ya masikio. Aongee na mimi uso kwa uso, nitajibu kila kitu, halafu aandike nasikia. Amesema nasoma midomo kama gazeti."

Nilitaka niingie mle ndani niwapasulie ukweli, lakini yeye akanizuia.

"Utawaambia umejuaje? Utasema nimewaona? Watasema mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo nimewasikia. Tutakuwa tumejimaliza wenyewe."

Tulisimama pale kati ya mashuka kama watu waliokamatwa wakiiba. Kisha akasema, "Nitafumba macho."

Nikamtazama.

"Nikifumba macho, wifi, mimi sipo duniani. Nyumbani sifumbi mpaka usingizi unichukue wenyewe, naogopa. Lakini leo nitafumba. Miguu nitaipandisha juu ya kiti, maana nasikia kwa nyayo mtu akitembea. Na wewe usiniguse mpaka wamalize. Ukinigusa katikati watasema tumepeana ishara. Hata iweje, usiniguse."

Nilimwahidi, na ninajuta kwamba mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Tuliitwa. Wifi aliketi kwenye kiti, akakunja miguu juu yake kama mtoto, akafumba macho. Mimi nilisimama karibu na dirisha. Tabasamu aliegemea kabati la dawa.

"Mama, habari za leo?" daktari akaanza.

Akainama mbele ya uso wake.

"Mama, fumbua macho tuongee."

Wifi hakutikisika. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti na uso umetulia, ila shingoni niliuona mshipa ukipigapiga. Daktari aliita jina lake. Akaliita tena kwa nguvu. Alizunguka nyuma yake, akapiga makofi karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Alichukua bakuli la chuma la vifaa, akaliachia sakafuni. Mimi niliruka. Yeye aliendelea kukaa.

"Anajifanya," akasema Tabasamu. "Juzi tumezungumza naye saa nzima, anacheka. Huyu mama ni mwigizaji."

"Inawezekana pia hasikii," daktari akasema, bila kumtazama.

Hapo simu ya Tabasamu ikawa sikioni kwake. Sikuisikia ikilia, na hilo lingenishtua kama ningekuwa na akili timamu.

"Ndiyo, naongea. Nani? Binti wa huyu mama?" Meno yalikuwa yamepotea kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mtambo wa pembeni? Mkono wote? Yesu, Maria! Mmeuzima mtambo au bado yumo?"

Sijui kama nilipiga kelele au niliita jina la mtoto, daktari ndiye aliyesema baadaye kwamba nililia mpaka wagonjwa wa nje wakasimama. Ninachokumbuka ni kushika dirisha, na kumtazama mama wa yule mtoto. Alikuwa ameketi palepale. Macho yamefumbwa. Na midomoni alikuwa na tabasamu dogo, la kujikaza, la mtu anayeona kazi yake inakwenda vizuri. Mkono wangu ulikuwa umefika karibu na bega lake. Sikumgusa.

Daktari akamnyang'anya Tabasamu ile simu, akaitazama, akaiweka mezani. Kioo chake kilikuwa cheusi. Hakuna mtu aliyekuwa amepiga.

"Toka ofisini kwangu," akasema.

"Ilikuwa kipimo, daktari. Mama aliyesikia hilo asingeweza kukaa." Meno yalikuwa yamerudi. Akanigeukia mimi. "Samahani, mama. Mtoto ni mzima, yuko kazini kwake. Tunamtunza, nilishawaambia."

Nilimkunja shati. Daktari alitutenganisha, akamtoa, akafunga mlango. Aliketi akaandika, akagonga muhuri. Aliandika kwamba mama huyu amepoteza usikivu wa masikio yote mawili kutokana na kazi. Aliniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba malipo huchukua miezi mingi na tusikate tamaa. Nilimuuliza kama mtoto anaweza kuhamishwa mtambo wakati tunangoja. Akasema hilo liko mikononi mwa afisa utumishi.

Ndipo nikamgusa wifi begani. Alifumbua macho, akapepesa kama mtu aliyetoka gizani, akaniona nilivyolowa machozi.

"Nimeshindwa?" akauliza, na zahanati nzima ikasikia.

"Umeshinda."

Alinirukia shingoni. Alicheka, akamshukuru daktari kwa mikono miwili, na daktari alishindwa kumtazama. Njiani alikuwa anahesabu rangi za nyuzi atakazomnunulia binti. Mimi nilikuwa namvuta kuelekea kiwandani, ingawa nyumbani ni upande mwingine, naye hakuuliza, alidhani tunampelekea mtoto habari njema.

Tulingoja getini mpaka zamu ikatoka. Wanawake walikuja makundi kwa makundi, weupe kwa vumbi la pamba. Kila aliyetokea nilimtazama mikono kabla ya uso. Binti alikuwa miongoni mwa wa mwisho, amebeba viatu mkono mmoja, kwa mwingine anatupungia.

Mama yake alimkumbatia na kumtangazia ushindi mpaka walinzi wakageuka. Kisha akanirudia mimi, macho yake yametulia mdomoni kwangu.

"Hebu niambie, wifi. Nilipofumba macho, walisema nini?"

Binti alikuwa amesimama kati yetu, anafuta vumbi kwenye nyusi. Kesho alfajiri angerudi kwenye mtambo ule.

"Walikuwa wanakuita jina tu," nikamjibu. "Jina tu, tena na tena."

Alisoma midomo yangu, akaamini.