Mbuzi wa Mgiriki

Sokoni kwetu Butembo, Kavira anaitwa Mugiriki, na siku hizi hata hakasiriki. Pua ni ya baba yake, mikono ni ya mama yake, mikono ya kulima. Amepita hamsini. Mimi nauza mawese kando ya meza yake ya maharagwe, kwa hiyo haya mengine niliyaona mwenyewe na mengine alinisimulia akichambua mawe.

Baba yake alikuwa mnunuzi wa kahawa hapa. Serikali ilipochukua maduka ya wageni aliondoka zake, Kavira akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama mtu alirudi kilimani kwao, akafia huko, akazikwa kwenye kona ya shamba ambalo Kavira alikuja kulilima. Na shamba hilo alipewa kwa sababu moja tu. Kwetu Wanande, mtoto ni wa yule aliyeleta mbuzi wa mahari. Mgiriki hakuleta mbuzi, ndivyo tulivyoambiwa sote, basi Kavira alikuwa mtoto wa ukoo wa mama, na mtoto wa ukoo hanyimwi udongo.

Angekaa hivyo mpaka kufa, kama si Ornella. Ni binti yake wa pekee, muuguzi wa zahanati moja upande wa Mbau, ng'ambo ya Beni, ambako watu hulala na viatu miguuni. Kila simu ikilia, Kavira hushika kifua kabla ya kuipokea. Arudi Butembo? Kazi hakuna, na vita navyo vinasogea huku. Kavira hakuota Ulaya hata kidogo. Alikuwa amechoka kuogopa, na alitaka mtoto atoke.

Wakili Phinées ndiye aliyemwambia kwamba uraia wa Kigiriki unaweza kupita kwa baba, ukamfikia yeye, kisha Ornella. Sheria ya Kongo haitaki mtu awe na uraia wa nchi mbili, alisema, lakini wakubwa wanatembea na pasipoti mbili mfukoni na hakuna anayewauliza. Mimi nilicheka. Kavira hakucheka. Aliambiwa alete cheti, akaleta, kikakosa muhuri. Akaenda Beni kuutafuta, akaambiwa bosi amesafiri. Akarudi, akaambiwa bosi amebadilishwa. Miaka ikaliwa hivyo, na mimi nikitukana ofisi zote kwa niaba yake, maana yeye hakuwa na nguvu ya kutukana. Mwishowe likabaki jambo moja: ushahidi kwamba wazazi wake walioana, hata kwa desturi. Yaani ukoo wa mama useme mbele ya chefu wa kijiji kwamba mbuzi walipokelewa.

Kwa hiyo Kavira alipanda kilimani kumwomba mjomba wake Apollinaire aseme uongo. Nilimsindikiza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Hiyo haiko bongo," alisema, yaani si uongo. "Alileta. Miye mwenyewe niliswaga zile mbuzi."

"Na mulikuwa munaniambia hapana?"

"Tulizikula. Kisha akaenda. Tungesema alileta, ungekuwa mutoto wa Mugiriki, na Mugiriki hana kilima huku. Ungelima wapi, mama?"

Niliona hasira ikimpanda Kavira, ikashuka kabla ya kufika mdomoni. Angemkasirikiaje? Uongo huo ndio uliomlisha maisha yake yote. Mjomba akamaliza yaliyobaki bila kumtazama: akishasema kweli mbele ya chefu, hataweza kuwazuia wanawe. Shamba litarudi kwa wenye ukoo, na Maliro, mkubwa wao, alikuwa amelimezea mate siku nyingi.

Kavira aliangalia kona ile yenye kaburi.

"Sema, muyomba," alisema.

Mzee alisema, chefu akapiga muhuri, karatasi zikaenda Kinshasa, kwenye ubalozi wa Ugiriki. Nilidhani Maliro angengoja angalau mavuno. Hakungoja. Sasa Kavira hununua maharagwe ya watu wengine ili apate ya kuuza, na Kinshasa wanamwambia avumilie.

Siku ya marehemu wote tulipanda tena kilimani kusafisha kaburi. Maliro alitupokea njiani kwa heshima zote, akavua kofia.

"Karibuni, bageni," alisema, akamtuma mkewe alete viti.

Nimetukanwa sana sokoni, lakini hakuna tusi lililoniuma kama adabu ile. Kavira hakukaa. Aliomba jembe la kuazima, akapalilia kaburi la mama yake taratibu, akalirudisha jembe likiwa limepanguswa.

Tukiwa tunateremka, simu ililia. Alishika kifua, kisha akapokea. Alikuwa Ornella, mzima, akiuliza kama karatasi zimetoka, kama sasa wamekuwa Wagiriki.

"Bado, mama," Kavira alimjibu. "Bagiriki, bado. Lakini huku kwetu, tulisha kuwa bageni."