Kuku wa Uwanja wa Tiananmen

Aliyenifumbua macho kuhusu mume wangu ni kuku.

Na kuku mwenyewe alishaliwa zamani, kabla hata sijaolewa.

Msinicheke bado. Naandika haya kwa kidole kimoja kwenye simu aliyoniachia mjukuu, na hasira bado haijanitoka.

Mume wangu anaitwa Kou Baoshan. Kijijini kwetu, mkoa wa Henan, wamezoea kumwita Kou wa Beijing.

Sababu ni picha. Ilikuwa ukutani sebuleni siku ile naingia pale bi harusi. Kijana Kou kasimama kifua mbele, mashavu yamepakwa rangi ya waridi kwa brashi, na mgongoni kwake Lango la Tiananmen la Beijing lote, paa lake na mawingu yake.

Mshenga alipoleta posa alikuja na picha hiyo hiyo. Mama yangu akaitazama, akasema, "Huyu amefika Beijing." Mambo yakaishia hapo. Kulikuwa na kijana mwingine, seremala, sura nzuri kumzidi. Lakini hakuwa na Beijing.

Toka siku hiyo, kila nikifungua mdomo:

"Wewe umewahi kufika Beijing?"

Nikisema nguruwe tusimuuze sasa hivi, umewahi kufika Beijing? Nikisema supu aliyopika imezidi chumvi, "Beijing ndivyo wanavyokula."

Na picha hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Vumbi alifuta mwenyewe. "Mikono yenu itaiharibu."

Hayo yote niliyameza. Moja lilinikwama kooni.

Binti yetu Suyun alifaulu kwenda sekondari ya mjini. Nikamshonea begi la kitambaa kigumu, la kuvaa mgongoni. Asubuhi ya kuondoka, baba yake akajaa mlangoni.

"Jiji nalijua mimi. Msichana akienda kule, hairudi akili yake. Nimefika Beijing, nimeona kwa macho yangu."

Suyun akavua begi. Hakulia. Akaenda kulisha nguruwe.

Begi lile mpaka juzi tulikuwa tunawekea mahindi.

Mwaka huu ikawa zamu ya mtoto wa Suyun, Jiahe. Kachaguliwa chuo kikuu Harbin, jiji la kaskazini kabisa, akasomee kujenga madaraja. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho likawa la babu. Na babu akaanza wimbo wake ule ule: "Jiji nalijua mimi."

Lakini Jiahe si mama yake. Yule mtoto ana ulimi.

"Sawa, Babu. Twende wote Beijing, ukanioneshe jiji linavyoharibu watu. Ukinionesha, chuo siendi."

Mzee akashika goti. "Siku hizi goti hili..."

Majirani walikuwa hapo uani wanacheza karata. Wakapiga kelele, "Kou wa Beijing! Nenda ukasalimie jamaa zako!"

Akakosa pa kutokea.

Mimi siku ya safari nikaitoa picha ukutani na fremu yake, nikaifunga kwenye kitambaa cha kichwa, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa mayai ya kuchemsha. Nilitaka na mimi nipigwe picha pale pale aliposimama. Nirudi nayo, siku akiniuliza umewahi kufika, nioneshe ukutani kwa kidole tu.

Basi tukafika. Jua la Julai lilikuwa linachoma mpaka kwenye meno. Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu, wazee tupu na kofia zao nyekundu za safari za vikundi.

Binti wa ukaguzi akamnyang'anya mzee kiberiti.

"Mimi nilikuja hapa wewe hujazaliwa!" Mzee akafoka. "Tuliingia na viberiti vyetu!"

"Karibu tena, Babu. Kiberiti kinabaki."

Mimi akaninywesha funda la maji ya chupa yangu, aone kama ni maji kweli. Kisha akaona fremu.

"Bibi, kioo hakiingii."

Watu wa nyuma walikuwa wananisukuma viwiko. Nikaibandua picha haraka haraka, fremu nikamwachia, picha nikairudisha kwenye mayai bila hata kuiangalia.

Mzee aliona. Rangi ikamtoka.

"Mama Suyun, turudi. Goti limevimba."

"Liambie litulie."

Tukatokeza uwanjani.

Jamani. Mawe yale ya sakafu, ukubwa ule. Nilijiona kama punje ya mtama iliyoanguka kwenye ua wa tajiri. Na lango lile kule mbele, jekundu, limekaa kimya kama halina habari na mtu.

Mzee alikuwa anazungusha shingo kama ng'ombe mgeni sokoni.

"Babu, ulisimama wapi?" Jiahe akauliza.

"Hapa. Yaani pale. Lango lilikuwa karibu, hapa mgongoni."

"Mbona hapo kati kuna barabara?"

Barabara yenyewe pana, magari yanapita sambamba kama maji ya mafuriko.

"Wameiweka baadaye."

"Na lango?"

Akalitazama lango. Akalitazama tena.

"Wamelisogeza nyuma."

Mama mmoja aliyekuwa pembeni anatafuna mbegu za alizeti akacheka mpaka maganda yakamruka mdomoni.

Nikasema ngoja nitoe picha tulinganishe.

Na hapo ndipo nikamwona kuku.

Fremu ilikuwa imefunika sehemu ya chini ya picha miaka yote hiyo. Sasa iko wazi. Lango la Tiananmen lilikuwa na pindo! Pindo la kitambaa, limekunjika upande mmoja. Chini ya pindo, sakafu ya udongo. Na hapo sakafuni, akitokea chini ya lango tukufu, mkia wa kuku na mguu mmoja umeinuliwa.

"Baba Suyun," nikasema polepole. Anajua nikisema polepole ni bora angekimbia. "Beijing ya wakati ule walikuwa wanafuga kuku uwanjani?"

Nikamsogezea picha mpaka puani.

"Huyu ni jogoo au mtetea?"

"Mtetea," akasema. Kisha akachuchumaa palepale juu ya mawe, kofia imemwangukia machoni. "Wa mpiga picha. Mjini kwetu pale, nyuma ya soko. Nilitoka nyumbani nije Beijing kweli. Lori likanitapisha njia nzima. Nikashuka mji wa kwanza, nikaona zile kelele, nikaogopa. Nikaona kitambaa kimechorwa lango. Nikapigwa picha, nikarudi."

Nikahisi damu inapanda kutoka kwenye nyayo.

Kumkosa seremala wangu nilishasamehe zamani. Nguruwe na supu pia. Lakini Suyun!

"Uliogopa lori!" Nikapiga kelele, kofia nyekundu zote zikageuka. "Uliogopa lori na kelele za soko, ukamrudisha mwanangu mlangoni na begi mgongoni? Woga wako ukauvalisha koti la busara, ukatuvimbia nao maisha yote!"

"Mama Suyun, watu wanatazama."

"Watazame! Si ulipenda kutazamwa? Jiahe, mpigie mama yako. Weka sauti kubwa."

Jiahe akapiga. Suyun akapokea, nyuma yake nguruwe wanasikika.

"Sema," nikamwambia mzee.

Akaishika simu kama anashika kaa la moto.

"Suyun... mwanangu. Mimi Beijing sijawahi kufika. Nimefika leo."

Nilisubiri alie, au atukane. Ningemsaidia maneno.

"Najua, Baba."

Mzee akainua uso.

"Nilimwona yule kuku. Siku ile ulipoenda msibani kwa shangazi, nilitoa kioo nikioshe. Mwaka mmoja kabla hujanikatalia shule."

Nikamnyang'anya mzee simu. "Kwa nini hukusema, wewe mtoto?"

"Mama, kijiji kizima kilikuwa kinamwita Kou wa Beijing. Ningemvua nguo baba yangu mbele za watu?"

Basi yeye akabaki na mahindi, ili baba yake abaki na jina.

Hasira ikanipanda upya, na safari hii hata mimi ilinigusa, maana niliishi na ukuta ule na sikuwahi kuuliza swali moja.

Mzee alikuwa analia. Acha alie. Sikumpa hata kitambaa.

"Mama," Suyun akaita tena, "nayamwaga mahindi. Naliosha lile begi. Jiahe ataondoka nalo."

Ameshaondoka nalo. Yuko Harbin.

Picha imerudi ukutani, kwenye fremu mpya, kuku yuko wazi. Pembeni ni yangu mimi, peke yangu, nimenuna, barabara pana na lango mgongoni. Mzee Shang wa jirani alikuja kunywa chai, akamwona kuku, akaaga kabla chai haijapoa. Kesho yake nikapita kwake. Ukutani, picha yake mwenyewe ya Tiananmen, aliyojivunia miaka yote, haipo, umebaki msumari.

Mawingu ya picha yake na ya picha ya mume wangu yalikuwa yale yale, kitambaa kimoja. Kijijini hakuna aliyewahi kuliona hilo, na mimi sikuwahi.

Kwa hiyo wanangu, mtu akiwazibia njia kwa sababu yeye eti alishafika huko, msibishane naye. Mwombeni kwa adabu atoe picha yake kwenye fremu.